Picha ya Bangili za Bi Zuhura

Mtongwe, usiku wa kuamkia safari yako

Kadzo mwanangu,

Mambo ya sweta, ya dawa ya kikohozi na ya nani umpigie simu ukifika ameshakwambia mama yako, na najua atakwambia tena kesho tukiwa kwenye feri. Mimi siyarudii. Barua hii nimeitia katikati ya vyeti vyako kwa sababu najua hutaigusa bahasha hiyo mpaka ufike Nairobi. Nataka uisome ukiwa peke yako, mlango umeufunga, kabla hujapiga picha hata moja katika chumba chako kipya.

Nimejaribu kukwambia kwa mdomo mara tatu wiki hii. Jumatatu ulikuwa unafua, nikasimama karibu na kamba nikakusaidia kuanika. Jumatano uliniuliza, "Baba, mbona unanitazama hivyo?" nikakwambia umekonda. Leo mchana nilikuita, ukaitika abee, nikakuuliza kama umepata begi la kutosha. Katika shajara yangu siku zote tatu zina sentensi moja tu: "Sijamwambia."

Ni habari ya picha ya bangili. Ile iliyokupatia kazi.

Unakumbuka tulivyoanza. Ghala la Changamwe lilipotupunguza, nilirudi nyumbani na kalamu mbili na mazoea ya kuandika kila kitu. Mama yako alikuwa tayari anatengeneza hereni za shaba na shanga na kuwauzia wenzake wa kanisani. Wewe, ukiwa kidato cha tatu, ndiye uliyetufungulia ukurasa mtandaoni. Mimi nikapewa kazi ya picha kwa kuwa ndiye niliyekuwa sina kazi.

Picha zangu za mwanzo zilikuwa aibu. Nilitandaza hereni juu ya shuka la maua, nikawasha taa ya simu, nikapiga. Shaba ikatoka nyeupe katikati kama jino, nyeusi pembeni. Mtu mmoja akaandika chini yake, "Mzee, hizi ni hereni au ndoana?" Ulicheka mpaka ukakaa chini.

"Halafu Baba, na wewe mwenyewe umo," ukaniambia. "Tazama."

Ukaivuta picha kwa vidole viwili, na ndani ya tone la shaba lisilozidi punje ya mtama nikamwona mtu mwenye fulana, kichwa kikubwa, mikono imeinuliwa. Nilikuwa mimi.

Nikaandika jioni ile: chuma kinachong'aa hubeba chochote kilicho mbele yake. Kisha nikafanya kazi kama nilivyofanya ghalani, kosa moja, dawa moja. Meza nikaisogeza kwenye dirisha lisiloingia jua la asubuhi. Nikatundika pazia jeupe jepesi, mwanga ukawa mpole. Karatasi ya manila ikalala chini na kupanda ukutani bila kukunjwa, ili nyuma ya kitu pasiwe na mstari. Simu nikaifunga kwenye kopo la maziwa lililojaa mchanga, maana mkono wangu hutetemeka. Wewe ukawa unashika kadi nyeupe ya boksi la viatu upande wa kivuli, kuurudisha mwanga. Kila kipande tulikifuta kwanza kwa kitambaa laini, kwa kuwa alama ya kidole isiyoonwa na jicho, kamera huiona. Na ili nisionekane tena, nilikata tundu kwenye karatasi nyeupe, lenzi ikachungulia hapo, mimi nikabaki nyuma yake.

Picha zikawa safi. Siku moja ukazitazama ukasema, "Baba, zimekufa." Ulisema kweli. Shaba iliyozungukwa na weupe mtupu huonekana kama plastiki. Inahitaji kitu cheusi cha kuakisi, ukingo wa mlango au fito za dirisha, ndipo jicho liamini kwamba ni chuma na kwamba ni mviringo. Basi tukaanza kuacha kidogo. Hapo nikaanza kupenda jambo ambalo ningelipaswa kuliogopa.

Habari ya bangili za Bi Zuhura, jirani yetu wa nyuma, niliisikia kwa mama yako. Desturi za mtaa huu unazijua kuliko mimi niliyehamia kutoka Rabai nikiwa mtu mzima. Dhahabu ya mwanamke wa hapa huazimwa. Msichana anayeolewa nyumba ya tatu atavaa bangili za nyumba ya kwanza, wanawake wote watazitambua, na hakuna atakayefungua mdomo. Kumwuliza bibi harusi, "Hizi za nani?" ni kama kumvua nguo. Dhahabu hiyo imekaa salama majumbani miaka na miaka kwa sababu hiyo hiyo: kila mtu anajua, na hakuna anayesema.

Nilimwambia mama yako kwamba nataka kuonyesha vito vya zamani vya pwani. Katika shajara niliandika sababu fupi zaidi: "Zitavuta macho." Sisi hatukuuza dhahabu. Nilijua watu watadhani tunauza, na sikuwa na haraka ya kuwasahihisha.

Ilikuwa Jumamosi, wewe uko likizo ya bweni. Bi Zuhura alitupokea mlangoni.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, Baba Kadzo. Mbona na mizigo yote hiyo? Waja kupiga picha au waja kupiga ramli?" Akakugeukia. "Na wewe, hicho kikaratasi wamshikia babako mwanga au wampepea?"

"Namshikia mwanga, Bibi. Joto atajipepea mwenyewe."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Haya. Mie nina sharti langu. Bangili hazivuki kizingiti. Utazipiga picha hapa hapa mbele ya macho yangu, na jina langu usilitaje. Wallahi nikilisikia jina langu kwenye simu za watu, mimi nawe tutakosana."

"Sitalitaja."

"Hata kwa fumbo."

"Hata kwa fumbo, Bi Zuhura."

Mwanaidi, mkaza mwanawe, mke wa Athmani aliye Uarabuni, ndiye aliyefungua lile kasha la njumu, la misumari ya shaba, chini ya dirisha. Akazitoa zikiwa zimeviringwa katika kitambaa cha hariri. Alijaribu kuvaa moja ikagoma kwenye vifundo vya vidole.

"Zanikataa, Mama. Zamjua mwenyewe."

"Zangoja ukonde," Bi Zuhura akamjibu, na nyote watatu mkaangua kicheko.

Nakukumbusha haya kwa sababu nataka uyaone tena. Meza niliiweka katikati ya chumba, ikielekea dirisha lenye mbao za kijani. Karatasi yangu yenye tundu nilikuwa nimeisahau nyumbani. Ningeweza kukutuma, ni mwendo wa kumaliza sentensi moja. Lakini nilitazama kwenye simu nikaona fito za dirisha zimejikunja juu ya dhahabu, nyeusi, nyembamba, na nyuma yake kipande cha mbingu. Bangili zilikuwa hai. Nikakwambia, "Acha hivyo hivyo."

Tulipomaliza, Mwanaidi alizifuta moja moja, akazihesabu kwa sauti mpaka sita mbele ya mkwewe, akazirudisha ndani ya kasha, akafunga, akampa Bi Zuhura ufunguo. Niliona kwa macho yangu.

Picha ile ilisambaa kuliko zote tulizowahi kupandisha. Wewe ulikuwa umesharudi shule. Miongoni mwa waliokuja palikuwa na akaunti isiyo na uso, ina ua la waridi tu, jina lake Mpenda Vito. Aliniandikia faragha.

"Kazi nzuri sana. Mko Mtongwe?"

Kwenye ukurasa hatukuwahi kuandika Mtongwe. Tuliandika Mombasa, basi. Sikujiuliza amejuaje. Nilijibu, "Ndiyo, karibu sana."

"Hizi si za siku hizi. Zinauzwa?"

"Haziuzwi. Ni za mama mmoja mzee, anazitunza tu nyumbani."

"Mungu amtunze na yeye."

Shajara yangu ya siku ile inasema: "Mteja mpole, anajua vitu." Nilijiona nimetimiza ahadi. Jina sikulitaja.

Siku ya kumi na moja tangu picha itoke, Bi Zuhura na Mwanaidi walikwenda kwenye hina ya mtoto wa ndugu yao Likoni. Waliondoka baada ya adhuhuri, wakarudi jua halijazama. Walikuta dirisha la kijani limerudishwa bila kufungwa. Ufito mmoja wa dirisha hilo ulikatika zamani, wakaufunga kwa waya na kuupaka rangi. Huwezi kuujua ila uwe ndani ya chumba. Waya ulikuwa umefunguliwa taratibu, umewekwa kizingitini mwa dirisha. Televisheni ilikuwepo. Radio ilikuwepo. Kasha lilikuwa limevunjwa kufuli na bangili hazimo.

Mtaa mzima ulisema neno moja: huyu ni mtu wa ndani. Nani mwingine anajua ufito upi umekatika? Nani anajua kasha lipi? Wa ndani walikuwa wawili, na mmoja ndiye mwenye mali. Wakasema Mwanaidi alimtuma mtu, wengine wakaongeza kwamba kasha lilivunjwa likiwa tupu, bangili hazikurudi humo tangu siku ya picha.

Nilikaa nikaivuta ile picha kwa vidole viwili kama ulivyonifundisha. Kwenye bangili ya pili kutoka juu lilikuwemo dirisha lote. Ufito wa nne una kifundo cha waya. Ubao wa kijani. Nje yake, tangi la maji lenye mstari mwekundu, lile ambalo kila mtu wa Mtongwe akielekeza mgeni huanzia hapo. Chini kabisa, kwenye ukingo wa dhahabu, kasha la njumu, kifuniko kiko wazi. Vyote hivyo katika upana wa ukucha wa kidole cha mwisho. Katika zile picha zangu za shuka la maua kusingeonekana kitu. Nilikuwa nimejifunza vizuri.

Baada ya siku chache nilikutana na Mwanaidi kwenye kona ya duka la unga, ana mkoba begani na mfuko wa plastiki mkononi.

"Baba Kadzo, siku ile ya picha ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Uliniona nikizirudisha. Zote sita."

"Nilikuona."

"Basi nisemee. Mama hanisikii tena, nikimsalimia ageuza uso. Athmani amenitumia sauti kwenye simu, asema niende kwetu kwanza, mengine baadaye. Wewe ni mtu mzima, tena si wa ukoo wetu. Wewe watakusikiliza."

"Nitasema."

Alinishukuru, Kadzo. Alishika mfuko kwa mkono wa kushoto ili anipe wa kulia.

Niliandika kwenye shajara: "M. amerudi kwao Mwakirunge." Sikuandika zaidi. Talaka ilimfuata huko kabla ya mwezi kwisha. Uliporudi likizo uliuliza Mwanaidi yuko wapi, mama yako akakujibu kwamba wameachana, mambo ya nyumba. Ukasema, "Maskini, alikuwa mcheshi." Mimi nilikuwa nakula. Niliendelea kula.

Hukuwahi kujua kwamba aliitwa mwizi. Nilihakikisha hujui, kwa sababu ungeuliza swali la pili.

Nimetafuta miezi mingi jina la kukaa kwangu kimya. Kwanza niliita busara: mgeni haingilii ya ukoo. Kisha nikaita kungoja wakati. Lakini kila nilipopanga maneno ya kumtetea Mwanaidi, njia ilipita kwenye picha, na baada ya picha yalikuja yale maneno yangu, "mama mmoja mzee." Nilikuwa naogopa kuonekana nilivyo. Nilimwacha mtoto wa watu akae mahali pangu.

Picha sikuifuta. Niliogopa kuwa kuifuta kutaonekana ni kuficha, na pia, afadhali niseme yote, ilikuwa bado inatuletea wateja. Uliponiambia unaituma kwa wale wenye duka la vito la mtandaoni huko Nairobi, nilitaka kukuzuia. Nikakwambia, "Tuma, ni yako pia." Nikakuona unavyofurahi walipojibu kwamba wanataka picha zao zote ziwe kama ile.

Ningeweza kuzeeka na jambo hili. Nilikuwa nimeshaanza kulizoea. Jumapili iliyopita ulipandisha picha ya chumba ulichotafutiwa: kitanda, meza, dirisha linaloelekea mashariki. Ukaandika kwamba utakuwa ukichukua vito vya duka na kuvipiga picha hapo chumbani, "mwanga wote huu ni wangu." Nilikuwa naisoma nikitabasamu. Chini yake, muda si mrefu, likatokea ua la waridi. Tangu bangili zipotee Mpenda Vito hakuwa amesema neno.

"Hongera binti. Dirisha zuri. Ghorofa ya ngapi?"

Wewe ukamwekea alama ya moyo.

Sijui kama ndiye. Huenda ni mtu anayependa vito tu, kama jina lake. Lakini aliniuliza hivyo hivyo mimi, kwa upole huo huo, na nilimjibu. Tangu Jumapili silali vizuri. Naliona lile dirisha lako kila nikifumba macho, na pete za watu zimepangwa mezani, na wewe umewapa mgongo wanaopita.

Sikukatazi kazi. Una jicho ambalo mimi sina, na hapa Mtongwe litapotea bure. Ninachokuomba ni kidogo. Iondoe picha ya chumba. Mtu yule usimjibu, hata kwa matusi. Omba vito vibaki dukani na upigie picha huko. Wakikataa, waulize sababu yao mbele ya mtu mwingine. Na kila picha, kabla haijatoka mkononi mwako, ivute uangalie pete yenyewe imeona nini. Tumia karatasi yenye tundu. Ikionekana imekufa, simamisha kipande cha karatasi nyeusi pembeni, upana wa vidole viwili, kitatoa ule ukingo mweusi sawasawa na dirisha. Nilikuja kukigundua baadaye. Karatasi nyeusi tu, Kadzo. Nilikuwa nayo nyumbani.

Kubwa ni hili. Waambie wakubwa wako picha ya bangili waliyoiweka kwenye ukurasa wao waiondoe, na uwaambie kwa nini. Najua ndiyo waliyokuajiria. Huenda wakakurudisha. Nimekaa na sentensi hii muda mrefu kuliko zote nilizoandika leo, na siifuti.

Kesho nikikuacha kwenye basi nitavuka feri nirudi, mama yako atatangulia nyumbani, na mimi sitapitia. Nitaingia kwa Bi Zuhura na simu mkononi. Nitaikuza picha mbele yake, nitamsomea nilivyoulizwa na nilivyojibu. Kisha nitamwomba twende naye Mwakirunge kwa kina Mwanaidi. Akinifukuza, nitakwenda peke yangu. Kutoka huko nitakwenda polisi. Maneno yangu, ukiyasoma hivi hivi yalivyo, ni ya mtu aliyemwelekeza mwizi, na sina wa kunishuhudia kwamba sikugawana naye. Mama yako hajui lolote. Atajua kesho jioni, kutoka kwangu au kutoka kwa watu.

Sitarajii Mwanaidi anisamehe. Huenda hatatoka hata nje. Nitasema nikiwa uani, wazazi wake wasikie, na majirani wa wazazi wake.

Habari za hapa zitakufikia mapema, maana simu za Mtongwe hazilali. Watakupigia wakuulize kama ni kweli baba yako ndiye aliyewaonyesha wezi dirisha. Usinitetee. Waambie ni kweli. Halafu, kabla hawajakata simu, waambie na la pili: kwamba Mwanaidi alizirudisha zote sita, alizihesabu kwa sauti, na wewe ulikuwepo ukasikia.

Ni mimi baba yako,
ninayekupenda na kukuogopea.